SOMO LA KIKUNDI: MWAJIRI AKIKUPUNJA AU AKIKUBAGUA, SHERIA INASEMAJE?

 

Vikundi kadhaa vimetuomba tuandike kuhusu mambo ya kazi. Tumeona ni haki. Chakula cha nyumba nyingi hapa kwetu hakitoki shambani peke yake. Mvua ikikosa, na hukosa mara nyingi, watu hutafuta kibarua. Wengine huenda kukata mkonge, wengine machimbo ya vito, wengine kuchunga ng'ombe wa ranchi. Kuna wanaofanya kazi katika hoteli na lojing'i za barabara kuu ya Mombasa, kuna masoja wa usiku, kuna mayaya. Ile hela inayoingia kwenye mzunguko wa chama chenu kila wiki, nyingi imetoka kwenye kibarua. Kwa hivyo mtu akipunjwa mshahara, kikundi kizima kimepunjwa.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza mambo matatu: mshahara wa chini ni nini, ubaguzi kazini ni upi, na mwajiri anayevunja sheria anapewa adhabu gani.

MUDA: Mikutano miwili ya saa moja na nusu.

VIFAA: Karatasi kubwa au ubao, kalamu, na mtu mmoja anayejua hesabu ya kuzidisha.


HATUA YA KWANZA: KISA

Msomaji mmoja asome kwa sauti, polepole. Kisa hiki si cha mtu mmoja. Tumekiunga kutokana na mambo mengi tunayoyasikia vijijini, ndiyo maana hakina majina.

Dada mmoja, mama wa watoto wawili, alipata kazi kwenye hoteli ya kando ya barabara. Kazi yake kufagia, kuosha vyombo na kupelekea wateja chakula. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi. Hakuandikiwa barua. Aliambiwa tu, "Wewe ni kibarua, utalipwa 250 kwa siku."

Baada ya miezi michache alikuja kijana wa kiume kufanya kazi ile ile. Walifagia pamoja, wakaosha pamoja, wakabeba sinia pamoja. Siku moja kijana akasema bila kufikiri, "Mimi hii 400 yangu hainitoshi." Dada akashtuka. Akamwendea mwenye hoteli kwa heshima, akamwuliza. Jibu lilikuwa, "Yule ni mwanamume, ana majukumu. Wewe una mume."

Dada alinyamaza. Angefanya nini? Alivumilia hadi akatimiza miezi kumi na minne. Halafu akapata mimba, na tumbo lilipoanza kuonekana akaambiwa, "Nenda ukazae kwanza, ukimaliza tutaona." Siku hiyo alilipwa 250 zake, akarudi nyumbani. Hakuna notisi, hakuna likizo, hakuna chochote.

Jirani zake walimwambia, "Shukuru Mungu ulipata hata hiyo. Kibarua hana haki."

MASWALI YA KUJADILI (dakika 20)

1. Je, mambo kama haya yako hapa kwetu? Bila kutaja majina, toeni mifano.
2. Yule dada alikosewa mara ngapi? Hesabuni makosa na kuyaandika ubaoni.
3. Maneno ya jirani ni ya kweli? Kibarua hana haki?

Mwenye kuongoza asitoe jibu bado. Awaache watu waseme, hasa wale wanaokaa nyuma.


HATUA YA PILI: TULIKOTOKA

Wazee wetu watakumbuka waliyosimuliwa na baba zao. Wakati wa ukoloni kulikuwa na sheria ya mabwana na watumishi, iliyopitishwa mwaka 1906. Kwa sheria ile, Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa ametenda jinai, na angeweza kufungwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likaja kipande, kile cheti ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Humo mliandikwa nani amemwajiri na amemlipa kiasi gani, na bila sahihi ya mzungu wa kwanza hungeweza kwenda kutafuta kazi kwa wa pili.

Maana yake ni kwamba sheria ilimtazama mfanyakazi kama mtu wa kuadhibiwa.

Leo mambo yamegeuka, angalau kwenye maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kulipwa mshahara wa haki, kufanya kazi katika hali nzuri, na kuingia katika chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 30 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Sheria kubwa mbili za kazi zilitungwa mwaka 2007: Sheria ya Ajira na Sheria ya Taasisi za Kazi. Ndani ya hizo, anayeweza kupelekwa kortini na kufungwa kwa sababu ya mshahara ni mwajiri.

Lakini sheria ikikaa kabatini haimlishi mtu. Ndiyo sababu tunasoma.


HATUA YA TATU: MSHAHARA WA CHINI

Mshahara wa chini ni kiwango ambacho serikali imesema mwajiri asishuke chini yake. Hata mfanyakazi akikubali kwa mdomo, hata akitia kidole gumba, makubaliano ya kulipwa chini ya kiwango hicho hayana nguvu.

Viwango hivi hutangazwa kwenye gazeti la serikali kwa Agizo la Mishahara. Kuna agizo la jumla, na kuna agizo la kazi za kilimo. Pia viwango hutofautiana kwa mahali. Miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa iko juu, kisha inafuata miji mingine iliyotajwa, halafu "maeneo mengineyo", ambamo vijiji vyetu vimo.

Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliongeza asilimia 6. Kwa agizo hilo kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu asilipwe chini ya shilingi 16,100 na kitu kwa mwezi. Katika maeneo mengineyo ni karibu shilingi 8,600. Kwenye kilimo, mfanyakazi asiye na ujuzi ni karibu shilingi 8,000, na mchungaji wa mifugo yuko juu kidogo. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hivyo kabla ya kudai, ulizeni ofisi ya leba kiwango kilichopo mwaka huo.

Angalieni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katika agizo la jumla, kundi la "kibarua wa kawaida" lina mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Yaani yule msichana anayelea mtoto wa mtu yumo ndani ya sheria, sawa na mfanyakazi wa kiwandani.

Mengine ya kukumbuka:

a) Malipo ya nyumba. Kiwango cha agizo la jumla ni cha kazi tu. Mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa, au aongeze pesa za kodi.

b) Kibarua wa siku alipwe jioni ya siku hiyo. Wa mwezi alipwe mwisho wa mwezi.

c) Mwajiri anaweza kukata pesa zile tu zilizoruhusiwa na sheria. Zote zikijumlishwa zisizidi theluthi mbili za mshahara.

d) Siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo, kila baada ya miezi 12.

e) Kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kuuandika ni jukumu la mwajiri. Kama mfanyakazi hajui kusoma, aelezwe kwa lugha anayoielewa.

f) Hili mlipigie mstari: mtu anayeitwa kibarua, akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Anastahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Kumwita "kibarua" kwa miaka miwili hakumfanyi kuwa kibarua.

Sasa rudini kwenye lile swali la tatu. Jirani walikosea. Kibarua ana haki.


HATUA YA NNE: UBAGUZI NI NINI?

Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua au kumsumbua mfanyakazi, au hata mtu anayeomba kazi, kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya siasa, taifa, kabila au asili yake, ulemavu, mimba, ndoa, au hali yake ya virusi vya UKIMWI. Kifungu hicho hicho kinasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa.

Tusichanganye mambo. Si kila tofauti ni ubaguzi. Fundi mwenye cheti na miaka kumi kazini anaweza kulipwa zaidi ya mwanagenzi. Kazi ikihitaji leseni ya kuendesha lori, asiye na leseni akikosa kazi hajabaguliwa. Lakini "yule ni mwanamume" si ujuzi, wala "huyu si wa kwetu" si ujuzi. Maungu ni mji wa barabarani, tumechanganyika: Mtaita, Mduruma, Mkamba, Msomali, na wengine wengi. Neno hilo la "si wa kwetu" linaweza kutugeukia sote siku yoyote.

Mfanyakazi akipeleka malalamiko ya ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua umewekwa juu ya mwajiri. Mfanyakazi aonyeshe kwanza tofauti iliyopo, kisha mwajiri ndiye aeleze sababu yake. Hii ni nguvu kubwa kwa mnyonge.

Je, mambo haya yamewahi kufika mahali? Ndiyo.

Mfanyakazi mmoja wa ranchi kubwa ya Ol Pejeta, Laikipia, alienda kortini akilalamika kuwa alilipwa kidogo kuliko mzungu aliyefanya kazi kama yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba alibaguliwa, ingawa ilipunguza fidia aliyokuwa amepewa mwanzo. Naye mwanamke aliyefanya kazi katika benki moja alishinda kesi mwaka 2013, mahakama ya kazi ilipoona kuwa alitendewa vibaya kwa sababu ya mimba.

Karibu na sisi pia yapo. Mwaka 2018 gazeti la The Standard liliandika habari za Wakenya wa reli ya SGR, hii inayopita hapa kwetu, waliolalamika kuwa wakubwa wao wa kigeni wanawabagua kwa rangi. Na Novemba 2023, shirika la KHRC la Nairobi na shirika la SOMO la Uholanzi walitoa ripoti iliyodai kuwa wanawake walisumbuliwa kimapenzi katika mradi wa kaboni wa Kasigau unaoendeshwa na Wildlife Works. Kampuni ilisema imewasimamisha kazi watu na kuagiza uchunguzi. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu, kwani hiyo ni kazi ya mahakama. Tunaandika ili ijulikane kwamba usumbufu wa kimapenzi kazini umekatazwa na kifungu cha 6. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi ya kuuzuia, na wafanyakazi waijue.

MASWALI: Kazi za kulipwa hapa kwetu, je, mwanamke na mwanamume hulipwa sawa? Mlemavu hupewa nafasi? Mtu akijulikana ana virusi, humalizia wapi?


HATUA YA TANO: ADHABU

Andikeni ubaoni:

1. Mwajiri anayelipa chini ya mshahara wa chini: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

2. Mwajiri anayekataa kwa makusudi kulipa mshahara ambao mtu ameufanyia kazi, au anayekata pesa kinyume cha sheria: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

3. Mwajiri anayebagua, au anayelipa tofauti kwa kazi ya thamani sawa: hilo ni kosa la jinai. Adhabu ya jumla ya Sheria ya Ajira ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Hapo watu hupiga makofi. Lakini ngojeni. Faini huenda serikalini, haiingii mfukoni mwa mfanyakazi. Tena, kwa tajiri shilingi 50,000 si nyingi, na tungesema uongo tukisema waajiri wengi wamefungwa. Kwa hivyo mfanyakazi asisimame kwenye faini peke yake. Kuna njia ya pili, ya kudai chake: pesa alizopunjwa, notisi, likizo, na fidia ya kubaguliwa. Kama aliachishwa bila haki, mahakama inaweza kumpa hadi mishahara ya miezi 12. Mara nyingi hiyo ndiyo inayomuuma mwajiri, na ndiyo inayomsaidia mfanyakazi.

HESABU YA YULE DADA

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme alifanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Alilipwa: 250 mara 26 = 6,500 kwa mwezi.
Mshahara wa chini: karibu 8,600. Alipunjwa 2,100 kila mwezi. Kwa miezi 14 ni 29,400.

Lakini mwenzake mwanamume alilipwa 400 mara 26 = 10,400. Kwa kuwa kazi ni sawa, dada alistahili hiyo. Tofauti ni 3,900 kwa mwezi. Kwa miezi 14 ni 54,600. Hesabu hii imekwisha kuimeza ile ya kwanza, asidai zote mbili.

Notisi, mwezi mmoja: 10,400.
Likizo ya mwaka wa kwanza, siku 21 mara 400: 8,400.

Jumla: 54,600 + 10,400 + 8,400 = shilingi 73,400.

Bado hatujahesabu nyumba, wala saa za ziada, wala fidia ya kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Sheria inasema wazi kuwa mimba si sababu ya kumfuta mtu kazi, na mama mja mzito anastahili likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili.

Shilingi 73,400 kwenye mzunguko wa chama chenu zingenunua mbuzi wangapi? Hapo ndipo mtaona kwamba kupunjwa si jambo dogo.


HATUA YA SITA: NJIA YA KUFUATA

Kwanza, ANDIKA. Kila mwenye kibarua awe na daftari dogo. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, pesa alizopewa, nani alikuwepo. Ukilipwa kwa M-Pesa usifute ujumbe. Mwajiri ndiye anayetakiwa na sheria kutunza rekodi na kuleta mkataba, na asipouleta kortini, ni juu yake kukanusha yale unayosema. Hata hivyo daftari lako litasemea pale mdomo utakapotetemeka.

Pili, ZUNGUMZA. Mwendee mwajiri kwa adabu, ikiwezekana na mwenzako. Wengine hawajui sheria, wakielezwa hurekebisha. Kama kuna chama cha wafanyakazi, anza na mwakilishi wake. Wa mashamba wana KPAWU. Wa mahoteli na wa majumbani wana KUDHEIHA. Kuingia chama ni haki, na kumfuta mtu kwa sababu hiyo ni kosa.

Tatu, OFISI YA LEBA. Afisa wa leba anaweza kuingia mahali pa kazi, kukagua vitabu, kuwaita nyote wawili mkae mezani, na hata kumshtaki mwajiri. Peleka daftari, kitambulisho na shahidi. Huhitaji wakili.

Nne, MAHAKAMA. Mahakama ya Ajira na Kazi iko Mombasa. Lakini tangu 2018 mahakimu waliotengwa wanaweza kusikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Ulizeni katika korti ya Voi. Wasio na uwezo wanaweza kutafuta msaada wa sheria kwa Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa.

ANGALIENI SAA. Malalamiko ya kufukuzwa yapelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi ya kazi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kuna madai ya mambo yanayojirudia kila mwezi ambayo hupewa miezi 12 tu tangu yalipokoma. Mwenye kungoja "tutaona" huona mlango umefungwa.

TAHADHARI. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiyosomewa, hasa siku ya kulipwa mara ya mwisho. Mara nyingi imeandikwa "sidai kitu tena". Na usitoe madai ya uongo. Sheria humlinda mtu asifukuzwe kwa sababu ya kulalamika, lakini haimlindi anayelalamika bila msingi wowote.

Tena msimwache mtu aende peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yule dada akienda ofisini na wanakikundi wawili, mmoja wa kushika daftari na mmoja wa kumtia moyo, atasikilizwa tofauti.


HATUA YA SABA: NA SISI JE?

Mkutano wa pili uanze hapa. Tunajua hatua hii itauma, lakini tungeiacha tungekuwa wanafiki.

Vikundi vyetu pia ni waajiri. Kuna anayeuza maji kwenye kioski cha kikundi. Kuna anayesaga unga kwenye kinu cha posho cha akina mama. Kuna kijana anayechunga mbuzi wa mradi, na kuna mwalimu wa nasari ya kijiji. Nyumbani kwetu kuna msichana aliyetoka Kasigau au Kinango, anaamka kabla yetu na kulala baada yetu. Tunamlipa ngapi? Tulimwandikia? Jumapili anapumzika?

Tumesikia wanakikundi wakisema, "Sisi ni maskini, hatuwezi kulipa kiwango cha serikali." Tunaelewa. Lakini hata mwenye hoteli wa kisa chetu angeweza kusema hivyo. Sheria haisemi "mwajiri tajiri", inasema mwajiri. Wengine husema, "Tunamlisha na kumlaza, yeye ni kama mtoto wetu." Kama ni mtoto, mbona haendi shule? Nyani haoni kundule.

Kuna njia za kweli kwa kikundi chenye uwezo mdogo. Mnaweza kupunguza saa za kazi zilingane na pesa mlizo nazo, muhudumie kioski kwa zamu wenyewe, au mpandishe bei ya debe kidogo ili mwenye kuuza maji alipwe ipasavyo. Lisilofaa ni kumfanyisha kazi ya siku nzima kwa pesa ya nusu siku.

Kikundi kinachopenda kuanza na Neno kinaweza kusoma Kumbukumbu la Torati 24:14-15 na Yakobo 5:4. Msome mkijiuliza: je, hapa sisi ni kibarua, au ni mwenye shamba?


KAZI YA KIKUNDI

1. Mchezo wa kuigiza. Wanne waigize yule dada, mwenye hoteli, afisa wa leba na rafiki wa kikundi. Anzeni pale dada anapofukuzwa. Baadaye wabadilishane nafasi, ili kila mmoja asikie uchungu wa mwenzake.

2. Daftari. Kila mwanakikundi mwenye kibarua alete daftari mkutano ujao. Wasiojua kuandika wasaidiwe na vijana wao.

3. Wajumbe. Chagueni wawili, mwanamke na mwanamume, waende ofisi ya leba kuuliza viwango vya mwaka huu. Viandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa mahali mnapokutania.

4. Orodha yetu. Andikeni watu wote wanaolipwa na kikundi, kazi yao, saa zao na malipo yao. Mlinganishe na zile karatasi za wajumbe. Mkikuta mnamdai mtu heshima, mkubaliane tarehe ya kurekebisha, na katibu aiandike kwenye kumbukumbu.

YA KUKUMBUKA

Kibarua ana haki. Kazi sawa, malipo sawa. Daftari ni shahidi. Faini ni ya serikali, chako kidai wewe. Usingoje hadi muda upite. Na kabla ya kunyoosha kidole kwa bosi wa barabarani, tumwulize kwanza yule anayetuchotea maji.

Vikundi vitakavyofanya kazi hii, tuandikieni mlichogundua, hata kama ni kichungu.